Aliyewahi Kusema Moshi

Mamlaka zinazohusika na usafiri wa anga wa kijeshi zimetamka, na tamko lenyewe limetiwa kwenye fremu ya kioo juu ya birika la chai katika chumba cha mapumziko cha kikosi, kwamba dharura ya angani haina mwenyewe. Ni ya ndege nzima. Anayeishughulikia vyema hastahili sifa peke yake, wala anayekosea habebi lawama peke yake. Wote waliomo ndani ya ndege ni mwili mmoja, na katika mwili huo hakuna kiungo kinachopaswa kujionyesha. Inasemekana sentensi ya mwisho iliongezwa na jenerali mwenyewe, baada ya chakula cha mchana.

Mtu aliyelisoma tamko hilo mara nyingi kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekunywa chai nyingi kuliko wote, alikuwa sajini mmoja wa makamo aliyeitwa Mkanda. Kazi yake ilikuwa usimamizi wa mzigo. Aliupakia, akausawazisha ili ndege isielemee mkia, akaufunga kwa mikanda na minyororo, kisha akakaa nao tumboni mwa ndege mpaka uteremshwe. Jina alipewa na vijana wa uwanjani kwa sababu hakuweza kuuona mkanda asiuvute mara ya pili, hata uwe mkanda wa suruali, hata suruali iwe ya mtu mwingine.

Katika miaka yake yote kazini hakuwahi kupata dharura iliyoandikwa kwa jina lake. Mtu wa nje atasema huyo ana heri. Wa nje hajui. Kikosini, msimamizi wa mzigo asiye na dharura yake ni kama mgeni wa arusi asiye na kadi: hakuna anayemfukuza, ila akianza kusimulia watu wote wanakumbuka kwa pamoja kwamba birika linachemka.

Dharura zilimwendea shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, aliitwa Redio, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Mkanda ndiye aliyemwingiza kazini. Mkewe alikuwa amemwomba: "Baba watoto, mtafutie mdogo wangu kitu cha kufanya. Mdomo wake unatuletea majirani mlangoni." Mkanda akamtafutia, akamfundisha kufunga mnyororo, akamfundisha kupapasa vyuma kwa mgongo wa mkono kutafuta joto, akamfundisha kila alichokijua. Haukupita muda, Redio, akiwa anarudi na ndege tupu, aliona mwanga wa jua kwenye kona ya mlango wa nyuma, mahali ambapo mwanga haukualikwa. Akasema, ndege ikashuka taratibu, mlango haukufunguka, na Redio akapata cheti. Baadaye aliona kupitia kidirisha mafuta yakitambaa kwenye injini. Akasema, injini ikazimwa kabla haijashika moto, cheti kingine. Kati ya hizo mbili palikuwa na ile ya jenereta, na ile ndiyo iliyomkaa Mkanda kooni.

Kuielewa ni lazima mtu ajue desturi moja ambayo haimo kwenye fremu. Wasimamizi wa mzigo wakiwa wawili ndani ya ndege, yule anayewahi kubonyeza kitufe cha kipaza sauti na kuitaja hatari ndiye mwenye dharura. Kuanzia hapo yeye ndiye anayezungumza na rubani mpaka magurudumu yaguse chini. Mwenzake anakuwa mikono yake, na akiulizwa chochote anarudia alichosema mwenye dharura, neno kwa neno. Sababu ni ya busara: rubani mwenye moto mgongoni hahitaji watu wawili wanaobishana sikioni. Cheo hakihesabiwi. Umri hauhesabiwi. Aliyewahi, kawahi.

Siku ya jenereta walikuwa wote wawili. Ndege ilikuwa inayumba ndani ya mawingu, na jenereta walilolibeba, zito kama gari dogo, likakata mnyororo wa mbele. Mkanda aliona. Akafungua mdomo. Lakini Mkanda ni mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema, na ndani ya pumzi hiyo Redio alikuwa ameshasema: "Mzigo hapa. Jenereta limeachia mbele kushoto. Tunalirudisha." Sauti tamu, imetulia, kama anayesoma utabiri wa hali ya hewa. Aliyekuwa analirudisha, amelala kifudifudi sakafuni na mnyororo mpya mkononi, alikuwa Mkanda. Kidole chake cha shahada cha kushoto kilibanwa kati ya ndoano na bamba la sakafu, na tangu siku hiyo hakikunji. Cheti alichopewa Redio kilisema: kwa utulivu wa sauti.

Wivu wa Mkanda haukuwa wa makelele. Ulikuwa nadhifu, umefungwa sawasawa, hauchezi hata ndege ikipinda. Alimpongeza shemeji yake kwa mkono wa kulia, mbele ya watu, kwa maneno mazuri. Kisha akaenda nyumbani, akaketi kitandani kuvua buti, akavua moja, akaisahau nyingine mpaka mkewe alipomwuliza kama anatoka tena.

Mambo yangeweza kubaki hivyo, lakini daktari wa kikosi aliyachungulia masikio ya Mkanda akatikisa kichwa. Mtihani ujao wa afya hatapita, alisema. Masikio yamekwisha, aanze kuzoea ardhi. Na ardhini palikuwa na nafasi mbili tu kwa mtu wa cheo chake. Ya kwanza ilikuwa kiti cha mkufunzi wa dharura kwenye chuo cha wasimamizi wa mzigo, ambacho kilikuwa kimeachwa wazi. Ya pili ilikuwa ghala la mablanketi, nyuma ya karakana, jengo lisilo na dirisha, ambalo mtunzaji wake wa mwisho alistaafu akiwa anayasalimia mablanketi kila asubuhi.

Kamanda wa kikosi alitangaza sifa za mkufunzi akiwa amesimama, karatasi mkononi. Awe mzoefu. Awe na nidhamu. Awe ameshughulikia dharura halisi. Majina yaliyokuwa yakifikiriwa, akasema, ni Mkanda na Redio.

Chumba kizima kikamtazama Redio. Mkanda naye akamtazama.

Jumapili hiyo walikula kwa mama mkwe, kama walivyozoea. Watoto wa Mkanda walikuwa wamemzingira mjomba wao kabla sahani hazijafika mezani.

"Mjomba, ile ya jenereta!"

"Ile si mmeshaisikia mpaka mmeichoka?"

"Tena, mjomba, tena!"

Redio akainuka, maana hadithi zake hazikalishi. Akawa ndege, akawa mawingu, akawa jenereta. Alipofika pale akanyoosha mkono kumwelekea Mkanda: "Na baba yenu huyo, chini kule, simba! Simba mzima!" Watoto wakageuka kumtazama simba. Simba alikuwa anatoa mfupa wa samaki mdomoni.

"Huyu mwanangu alizaliwa anapiga kelele," alisema mama mkwe, akimwongezea Redio mchuzi. "Mkunga aliziba masikio. Nikamwambia, mwache, ataishi kwa kelele hizo hizo. Mkwe wangu, mbona huli?"

"Ninakula, mama."

"Unakula kama mtu anayesubiri basi."

Binti mdogo wa Mkanda alikuwa amefikiri kwa muda. "Baba," aliuliza, "mjomba akiwa anaokoa ndege, wewe huwa unafanya nini?"

"Huwa nafunga mkanda," Mkanda alisema, na meza nzima ikacheka, mkewe akiwemo. Hakuwa ametania.

Ndipo alipofikia uamuzi wake. Haukuwa uamuzi mbaya kwa jinsi alivyouona yeye. Hangemwombea mtu mabaya, hangelegeza mnyororo wowote; mkono wake usingekubali. Ila dharura ya kwanza itakayotokea akiwa ndani ya ndege, yoyote, atawahi yeye. Alifanya mazoezi ya kuwahi. Mkewe alimsikia bafuni akisema "Mzigo hapa" mbele ya kioo, akadhani anaumwa.

Ndege waliyopanda pamoja wiki hiyo ilikuwa imebeba pampu za kunyonyea maji. Mji mmoja ulikuwa umeingiwa na mafuriko, na pampu zilisubiriwa huko kwa hamu. Asubuhi ilikuwa ya joto na hewa nzito. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na mashati yalikuwa yameshika migongo kabla ndege haijawashwa. Kapteni, mwanamke wa maneno machache, ambaye marubani wenzake walisema hata salamu anaitoa nusu, aliipandisha ndege bila shida. Mkanda alikuwa amekaa upande wa kulia, Redio upande wa kushoto, pampu katikati yao.

Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba hewa ikiwa nzito namna hiyo, kiyoyozi kikianza kusukuma baridi, ukungu mweupe humwagika kutoka kwenye matundu ya dari, mwingi kama mvuke wa sufuria lililofunuliwa ghafla. Abiria wageni hupiga mayowe. Wenyeji huwacheka wageni. Mkanda mwenyewe alikuwa amewacheka, kwa kiasi, miaka mingi.

Lakini asubuhi hiyo Mkanda hakuwa anatazama dari. Alikuwa anautazama mdomo wa Redio. Alikuwa anautazama tangu walipokuwa wanapakia, kwa umakini ambao hajawahi kuutumia kwa mzigo wowote. Na ndege ikiwa bado inapanda, aliona Redio akiinua kichwa, akitupa macho juu kuelekea mbele, akipeleka kidole gumba kwenye kitufe, akivuta pumzi.

Mkanda hakuvuta. Kwa mara ya kwanza maishani hakuvuta pumzi. Alitupa macho pale Redio alipotazama, akaona weupe, akabonyeza.

"Mzigo hapa. Moshi. Moshi sehemu ya mizigo, mbele, juu."

Alikuwa amewahi. Kifua kilimjaa furaha ambayo ingefaa arusi. Furaha hiyo ilidumu mpaka ule weupe ulipomfikia usoni. Ulikuwa baridi. Moshi haumpozi mtu.

Redio mdomo ulibaki wazi. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba alikuwa anataka kuuliza nani amebeba sukari ya chai.

"Barakoa," alisema Kapteni. "Mzigo, chanzo?"

Maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: nimekosea, ni mvuke. Kapteni angeguna, rubani msaidizi angecheka, na kabla ya jioni kikosi kizima kingemsalimia Mkanda kwa kukohoa. Baada ya hapo kungekuwa na ghala. Mkanda aliivaa barakoa yake ya oksijeni, akaikaza mikanda yake, akaivuta mara ya pili.

"Natafuta chanzo," alisema.

Redio alimjia akiwa ameshika mtungi wa kuzimia moto. Akazima kipaza sauti chake, akainua ukingo wa barakoa, akampigia kelele sikioni: "Shemeji, hii ni baridi! Ni kiyoyozi hiki!"

"Najua!"

"Unajua?"

"Tafuta chanzo!"

Redio alimtazama. Haukuwa mtazamo wa dharau. Mkanda aliutafutia dharau akaikosa, na hilo likamwudhi zaidi. Kisha kijana akashusha barakoa akaanza kutafuta. Alitafuta chini ya pampu, nyuma ya mabomba, kando ya nyaya, akipapasa kila chuma kwa mgongo wa mkono jinsi alivyofundishwa. Alitafuta moto usiokuwepo kwa ufundi wa hali ya juu. Mtu angemwona angesema huyu ndiye angekuwa mkufunzi.

Huko mbele Kapteni alikuwa ameigeuza ndege na anasomewa hatua za kukabili moshi, moja baada ya nyingine. Miongoni mwa hatua hizo, kwa kila ndege ya aina ile, ni kuzima kiyoyozi. Kikazimwa. Ukungu, kama ilivyo kawaida ya ukungu ulionyimwa baridi, ukaisha.

"Mzigo, hali?"

"Moshi unapungua," alisema Mkanda. Halafu, kwa kuwa ulikuwa kweli unapungua: "Moshi umekwisha."

"Msimamizi wa pili," alisema Kapteni, "unaona hivyo hivyo?"

Mkanda alikuwa amesimama na mkono juu ya pampu. Redio alikuwa ng'ambo ya pampu hiyo hiyo. Kidole gumba cha Redio kilikuwa juu ya kitufe, na safari hii hapakuwa na kuwahi. Palikuwa na kusubiri tu.

"Moshi umekwisha," alisema Redio. Neno kwa neno.

Walitua pale walipoondokea, magari ya zimamoto yamejipanga kando ya barabara ya ndege kama ukoo uliokuja kupokea maharusi. Kapteni alishuka, akavua kofia, akampa Mkanda mkono. "Umeuona mapema sana, sajini," alisema. Hiyo ilikuwa kweli. Aliuona kabla moshi wenyewe haujafikiria kuwepo.

Mafundi walikibomoa kiyoyozi chote na hawakuona kitu. Lakini fundi hawezi kuandika kwamba hakuona kitu ilhali msimamizi wa mzigo mwenye sifa kama za Mkanda ameona moshi, na mwenzake amerudia, na moshi umekoma kiyoyozi kilipozimwa. Wakatazama tena, wakapata chujio lililochakaa kidogo, wakalibadilisha, wakalilaumu. Pampu zilipelekwa kesho yake kwa ndege nyingine. Katika taarifa ya kikosi jambo hilo liliitwa ucheleweshaji mdogo. Huko zilikosubiriwa, usiku ule mmoja, maji yaliingia stoo ya dawa ya zahanati. Mkanda alilisikia kwenye taarifa ya habari, akaomba wabadilishe stesheni.

Jumapili iliyofuata alifika kwa mama mkwe akiwa amejiandaa. Safari hii hadithi ni yake. Alisubiri sahani zijae, akaweka kijiko chini, akavuta pumzi.

"Tulikuwa tumeondoka," alisema. "Mzigo ulikuwa pampu. Pampu zenyewe zilikuwa zimefungwa kwenye majukwaa mawili, la mbele na la nyuma. Lile la mbele lilikuwa zito kidogo kuliko la nyuma, kwa hiyo..."

"Nipitishie chumvi," mtoto mmoja alimwambia mwenzake.

"...kwa hiyo ilibidi tulisogeze."

"Mlilisogeza?" mama mkwe aliuliza kwa huruma.

"Tulilisogeza."

Meza ikasubiri. Mkanda naye alikuwa anasubiri, hajui nini. Redio akashindwa kuvumilia. Akaweka glasi chini, akainuka. "Sikilizeni," alisema. "Huyu bwana hawezi kujisifu, mtamsubiri mpaka kesho. Sasa, ndege inapanda. Joto hili! Mara huku nyuma, juu ya dari, kitu cheusi..."

Kwa Redio moshi ulikuwa mweusi. Ulikuwa na harufu ya mpira unaoungua. Ulimtambaa Mkanda miguuni, ukampanda kifuani, na Mkanda akaukata katikati kama mtu anayegawa pazia, mtungi begani, macho yanatoka machozi, sauti haitikisiki. Mama mkwe aliweka mkono kifuani, akausahau hapo. Mke wa Mkanda alimtazama mumewe kama mtu aliyegundua chumba cha ziada ndani ya nyumba yake. Binti mdogo alimgeukia baba yake, kwa mara ya kwanza, na yale macho ambayo huwa ni ya mjomba. Kisha akamgeukia mjomba, maana mjomba ndiye aliyekuwa anaendelea kusimulia, na hakurudi tena kwa baba.

Mkanda aliliona hilo. Alikuwa ameshaionea wivu dharura ya mlango, ya injini na ya jenereta. Hakuwa amefikiria kwamba siku moja atakaa mezani akiionea wivu ya kwake mwenyewe.

Alimpata shemeji yake nje, kwenye bomba la uani, ananawa mikono.

"Umetia chumvi mno," alisema Mkanda.

"Shemeji, ulikuwa unaizika ikiwa hai. Majukwaa mawili! Nani anataka majukwaa?"

"Kwa nini hukumwambia Kapteni?"

Redio alikung'uta maji. "Nimwambie nini? Wewe ulitangaza, wewe mwenye dharura. Mimi mikono. Nani alinifundisha hivyo?"

"Na jopo la kumchagua mkufunzi likikuita?"

"Nitarudia."

"Utarudia." Mkanda aligeuza koki ya bomba ambayo ilikuwa imeshafungwa. "Kwa hiyo unaniachia kiti."

Redio akacheka, cheko la wazi kabisa, mpaka mbwa wa jirani akaitikia. "Kiti kipi? Kile cha darasani? Shemeji, mimi na chaki? Nitaugua! Kamanda aliponiita mara ya kwanza kabisa nilimwambia sikitaki, mpe shemeji. Nikamwambia habari za jenereta, kwamba mimi nilisema tu, aliyefanya ni yeye, mwangalie kidole. Akasema sawa, majina yabaki mawili ili ionekane palikuwa na ushindani."

"Alisema lini?"

"Kabla hajatangaza. Ungeniuliza ningekwambia." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Sasa naona kwenye pendekezo linalokwenda kwa jopo wameandika sababu ni moshi. Basi, si ni kiti hicho hicho."

Mtu mwingine angepata nafuu. Mkanda alibaki pale bombani akijisikia kama mtu aliyepanda ukuta wa jirani kuiba, akateguka mguu, kisha jirani akamtolea kile kitu mlangoni na kumwambia, ungesema tu, mimi nilikuwa nakitupa. Zaidi ya yote kilimuuma kidole. Kidole kingempa kiti. Kidole, ambacho kilikuwa cha kweli, hakikuandikwa popote.

Jopo lilikuwa la watu watatu: kamanda, daktari na mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyeuliza.

"Sajini, wasimamizi wengi huchanganya mvuke wa kiyoyozi na moshi. Ungewaelezaje wanafunzi?"

"Mvuke hauna harufu," alisema Mkanda. "Unashuka. Ukikugusa usoni unaona baridi. Moshi unapanda, unanuka, unawasha macho."

"Vizuri sana. Na huu wa kwako?"

Mkanda alivuta pumzi. Ilikuwa ndefu hata daktari akamtazama.

"Huu ulikuwa moshi," alisema.

Redio aliitwa baadaye, akasema maneno yale yale kama alivyoahidi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kikosi alitoka chumbani bila kuongeza lolote.

Kiti akapewa Mkanda. Kina magurudumu na kinazunguka. Alifundisha mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Aliwafundisha vijana uzito, urari, minyororo, mikanda, hatua za moto, hatua za moshi, kwa mpangilio ule ule, kwa sauti ile ile, na ndege za kikosi zilipopita juu ya paa alinyamaza mpaka zipite, akitazama dari, akijiuliza Redio yumo katika ipi na amepata nini safari hii. Redio alikuwa ameshapata nyingine. Kioo cha mbele kilipasuka.

"Mkufunzi," mkuu wa chuo alimwambia siku moja, "mambo yako ni sahihi kabisa. Tatizo, vijana wanalala. Huyo shemeji yako hawezi kuja mara moja moja, awasimulie ile ya moshi?"

Redio alikuja. Huja hadi leo, kila akiwa hana safari. Chuo kina tumbo la ndege la mbao, limejengwa nyuma ya darasa, na wanafunzi huingizwa humo, wakakaa pande mbili kama ndani ya ndege halisi. Redio husimama katikati yao na kuanza, na hakuna anayelala. Anapofika kwenye kitu cheusi darini, nyuma ya mbao mtu mmoja hukanyaga pedali na mashine huanza kumwaga weupe kutoka juu. Kanuni za usalama haziruhusu moshi karibu na wanafunzi, hivyo mashine hutoa mvuke.

Mtu wa pedali ni Mkanda. Akiwa nyuma ya mbao haoni lolote, lakini husikia vijana wanavyoguna wote kwa pamoja, na anajua bila kuona kwamba hakuna anayemtazama yeyote ila Redio. Hukanyaga kwa wakati unaotakiwa. Hajawahi kuchelewa.

Zoezi hilo sasa limeingizwa kwenye mtaala na linafundishwa kwa kila kundi jipya. Jina lake rasmi ni Dharura ya Mkanda.